Jenerali Dąbrowski na Jeshi Lililokuwa Shule

Katika kufundisha maisha ya watu mashuhuri, walimu wengi hutumbukia katika shimo moja. Mtu huzaliwa, hupigana, hushinda, hufa. Tarehe zake huandikwa ubaoni, nao wanafunzi huzinakili katika madaftari. Siku ya mtihani mtoto huujua mwaka na hamjui mtu. Katika makala haya tumekusudia kueleza maisha ya mtu mmoja kwa namna nyingine, ili mwalimu mwanafunzi aone ni mambo gani ya kukawia nayo na ni yapi ya kupita upesi. Mtu huyo ni Jan Henryk Dąbrowski, jemadari wa Poland wa zama za Napoleon. Jina lake hutamkwa kama Dombrofski, na ni vyema mwalimu alizoeze kinywani kabla ya kuingia darasani.

Hatukumchagua kwa sababu ya ushindi wake, maana vita vingi alivyopigana viliishia kwa kushindwa. Tumemchagua kwa kuwa aliunda jeshi la nchi ambayo haikuwapo tena katika ramani, na ndani ya jeshi hilo wakulima wasiojua herufi walifundishwa kusoma. Jeshi hilohilo baadaye lilipelekwa ng'ambo ya bahari kuwarudisha watu weusi katika utumwa. Mambo hayo mawili yamo katika hadithi moja, na mwalimu anayesimulia la kwanza akaliacha la pili hajasimulia hadithi hiyo.

Dąbrowski alizaliwa mwezi Agosti 1755 katika kijiji cha Pierzchów, karibu na mji wa Bochnia, kusini mwa Poland. Ukoo wake ulikuwa wa kikabaila, lakini haukuwa miongoni mwa zile koo kubwa zilizomiliki wilaya nzima nzima pamoja na watu wake. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Saksonia, dola ya Kijerumani ambayo mtawala wake wakati huo ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Poland. Mama yake, Zofia Lettow, alikuwa wa nasaba ya Kijerumani. Mtoto alihamishwa angali mdogo, akakulia katika mji wa Hoyerswerda huko Saksonia. Basi lugha iliyomjia kwanza ulimini ilikuwa Kijerumani. Kipolandi alikisema kwa taabu hata alipokuwa mtu mzima, nacho hakikumnyookea kamwe kama kinavyomnyookea mwenye lugha yake. Mwalimu yeyote aliyewahi kumpokea darasa la kwanza mtoto mwenye lugha moja ya nyumbani na nyingine ya shule ataitambua hali hiyo bila maelezo marefu.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 15 aliingia katika kikosi cha walinzi wapanda farasi cha Saksonia. Alitumika huko miaka 20 na zaidi, akaoa, akakaa Dresden, akapanda cheo polepole kama wapandavyo maafisa wasio na jina kubwa. Kipindi hiki kisimpotezee mwalimu muda. Jambo la kukumbuka ni kwamba alijifunza kazi ya askari kwa utaratibu, akapenda kusoma vitabu vya historia na vya vita, na kwamba hadi anakaribia miaka 37 hakuwa amepigania Poland hata siku moja.

Hapa yatupasa tumwache kidogo mtu tuitazame nchi. Poland ya karne ya 18 ilikuwa pana lakini dhaifu. Mfalme alichaguliwa na makabaila, na katika bunge lao mjumbe mmoja tu aliweza kupinga na kuvunja kikao kizima. Majirani watatu, yaani Urusi, Prusia na Austria, waliuona udhaifu huo wakautumia. Mwaka 1772 kila mmoja alimega kipande. Wapoland walizinduka. Mwaka 1773 waliunda Tume ya Elimu ya Taifa, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa wizara ya elimu ya kwanza katika Ulaya, na tarehe 3 Mei 1791 walipitisha katiba mpya iliyokomesha ile haki ya mtu mmoja kuvunja bunge. Marekebisho hayo ndiyo yaliyowatia majirani hofu, kwa kuwa mgonjwa aliyekuwa akiliwa alianza kupona. Urusi iliingiza majeshi yake mwaka 1792. Mwaka 1793 Urusi na Prusia zilimega tena, na mwaka 1795 wote watatu walimaliza kilichobaki.

Kwa jambo hili twashauri ubao utumike. Mwalimu achore Poland kwa chaki, kisha afute sehemu mara tatu, akitaja mwaka kila afutapo, mpaka ubao uwe mtupu. Asiseme neno jingine kwa muda kidogo. Kisha awaulize watoto: watu waliokaa katika nchi hii sasa wako wapi? Watajibu wenyewe kwamba wapo palepale. Swali hilo moja ndilo ufunguo wa maisha yote ya Dąbrowski.

Bunge la Warszawa lilipowaita Wapoland waliokuwa wakitumika katika majeshi ya kigeni warudi, Dąbrowski alirudi. Alijiunga na jeshi la Poland mwezi Juni 1792, vita vikiwa karibu kwisha, wala hakupata nafasi ya kupigana. Alikuwa mgeni katika nchi yake. Siasa za Warszawa hakuzielewa. Hakujua nani ni rafiki wa nani. Mfalme alipokubaliana na wale waliowaalika Warusi, Dąbrowski alifuata amri kama askari, na jambo hilo lilimharibia jina. Tadeusz Kościuszko alipoanzisha vita vya ukombozi mwaka 1794, wako waliomshuku Dąbrowski kuwa msaliti. Ilimbidi ajisafishe kwa maneno kwanza, kisha kwa vitendo.

Vitendo havikukawia. Kościuszko alimpa kikosi akakipeleka magharibi, katika jimbo la Polandi Kubwa ambako watu walikuwa wamewaasi Waprusia. Tarehe 2 Oktoba 1794 aliuteka mji wa Bydgoszcz. Katika vita vile vilivyokuwa vikienda mrama, huo ulikuwa ushindi wa nadra, na Kościuszko alimpandisha cheo akawa jenerali. Siku chache baadaye Kościuszko mwenyewe alijeruhiwa na kutekwa na Warusi huko Maciejowice. Mwezi Novemba maasi yalizimika. Dąbrowski alishauriwa aingie katika jeshi la Urusi au la Prusia. Vyeo vilikuwa tayari na mshahara pia. Mtu aliyeishi nusu ya umri wake akitumikia dola ya kigeni angeweza kukubali bila kuona ajabu. Alikataa.

Mwaka 1796 alikwenda Paris akiwa na shauri moja. Ufaransa ya mapinduzi ilikuwa ikipigana na Austria. Katika jeshi la Austria mlikuwa na maelfu ya vijana wa Kipolandi, watoto wa wakulima waliochukuliwa kwa nguvu kutoka katika vijiji vilivyotwaliwa. Wafaransa walikuwa wakiwateka vijana hao katika vita vya Italia na kuwafungia katika kambi za mateka. Dąbrowski aliomba wafunguliwe, wapewe bunduki, wapangwe chini ya maafisa wa Kipolandi, na wapigane upande wa Ufaransa hadi siku watakapoweza kurudi kwao. Katiba ya Ufaransa ya wakati ule ilikataza kuajiri majeshi ya wageni. Kwa hiyo alielekezwa Italia kwa Jenerali Napoleon Bonaparte, kijana wa miaka 27, na kwa msaada wake mkataba ulitiwa sahihi mjini Milano tarehe 9 Januari 1797, baina ya Dąbrowski na serikali mpya ya Lombardia iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wafaransa. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa Lejioni za Kipolandi.

Tarehe ina maana wakati mwingine. Mwezi uleule wa Januari 1797 wafalme watatu walioigawa Poland walikubaliana kwa siri kwamba jina lenyewe la Ufalme wa Poland lisitumike tena milele. Walikuwa wameichukua ardhi, sasa wakataka kulichukua neno. Na siku chache kabla ya hapo mtu asiyekisema vizuri Kipolandi alikuwa amepata ruhusa ya kuunda jeshi ambalo amri zake zingetolewa kwa lugha hiyo.

Alitoa wito kwa maandishi, katika lugha nne, akiwaita Wapoland popote walipo. Walikuja maelfu: mateka, watoro wa jeshi la Austria, maafisa waliokimbia nchi. Walivaa sare za mshono wa Kipolandi. Mabegani mwao palikuwa na maneno ya Kiitaliano yaliyosema kwamba watu huru wote ni ndugu. Mwalimu ayaweke akiba maneno hayo ya mabegani, kwa sababu tutayarudia.

Sasa tufikie sehemu ambayo kwetu sisi walimu ni yenye rutuba kuliko vita. Askari wa Dąbrowski wengi wao walikuwa wakulima wasio huru. Nyumbani walikuwa mali ya kabaila. Hawakuruhusiwa kuhama bila idhini yake, na walimfanyia kazi siku kadhaa za juma bila malipo. Katika jeshi la Austria walipigwa fimbo kwa kosa dogo. Mtu wa namna hiyo humwambii tu kwamba sasa anapigania nchi yake, maana nchi hakuijua. Alikijua kijiji na msimamizi mwenye kiboko. Katika Lejioni adhabu ya viboko ilifutwa. Askari aliitwa raia. Yule aliyekuwa na akili na ushujaa aliweza kupanda cheo ingawa hakuzaliwa katika nyumba kubwa. Tena palikuwa na mafunzo: askari wasiojua kusoma walifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na maafisa waliosoma waliwaeleza historia ya Poland. Afisa mmoja mshairi, Cyprian Godebski, alianzisha mwaka 1799 gazeti la askari lililoandikwa kwa mkono, kwa kuwa matbaa haikuwapo.

Yafaa tujiulize jambo hili lilifanyikaje. Hapakuwa na madarasa wala madawati, wala vitabu vya kutosha. Palikuwa na kambi, mvua, njaa ya mara kwa mara, na mishahara iliyochelewa. Mwalimu alikuwa ni yule aliyejua kuliko mwenzake. Wale tuliozoea kusema kwamba hatuwezi kufundisha kwa sababu vifaa havijaletwa tunapaswa kukisoma kipande hiki pole pole. Wala tusidhani kwamba Dąbrowski alifanya hivyo kwa huruma peke yake. Alikuwa askari mwenye hesabu. Alijua kwamba jeshi lisilo na nchi haliwezi kushikwa pamoja kwa mshahara wala kwa fimbo, hivyo ilikuwa lazima lishikwe kwa fikra, na fikra huhitaji mtu anayeweza kusoma barua itokayo kwao.

Miongoni mwa waliomfuata Italia alikuwamo Józef Wybicki, mwanasheria na mwandishi, ambaye zamani alikuwa mkaguzi wa shule chini ya ile Tume ya Elimu ya Taifa. Mwezi Julai 1797, katika mji wa Reggio, Wybicki alitunga wimbo wa kuwatia moyo askari, kwa lahani ya ngoma ya kienyeji ya kwao. Wimbo humtaja Dąbrowski kwa jina na kumtaka awaongoze kurudi nyumbani. Ulipenya upesi kuliko jeshi lenyewe. Ukavuka mipaka ambayo askari hawakuweza kuivuka. Mwaka 1927 ukafanywa wimbo wa taifa wa Poland, na ndio mpaka leo. Si mataifa mengi ambayo wimbo wake wa taifa hulitaja jina la jenerali aliyekuwa hai siku ulipotungwa.

Wasomaji wetu wa Arusha wana ushahidi wa jambo hili karibu nao. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wapoland wengi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti waliondoka huko kwa kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 baadhi yao, hasa wanawake na watoto, waliletwa Tanganyika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, ambako walikaa watu karibu 5,000. Walijenga makanisa na shule, wakawasomesha watoto wao kwa Kipolandi chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yangalipo Tengeru, nayo yanatunzwa. Wimbo wa taifa wa watu hao ulikuwa ni huohuo uliozaliwa katika kambi ya Italia. Mwalimu aliye karibu na hapo ana ziara ya somo ambayo haigharimu zaidi ya nauli.

Turudi Italia. Matumaini ya mwaka 1797 yalikuwa ni kuvuka Kroatia na Hungaria hadi kusini mwa Poland. Lakini mwezi Oktoba mwaka huohuo Bonaparte alifanya amani na Austria huko Campo Formio, na Poland haikutajwa hata kwa neno moja. Askari waliokuwa wakihesabu siku za kurudi wakabaki kulinda miji ya watu wengine, na mara nyingine wakatumwa kuyazima maasi ya wakulima wa Kiitaliano, watu maskini kama wao. Mwezi Mei 1798 waliingia Roma. Mwaka 1799 vita viliwaka upya, na hapo walivuja damu nyingi. Katika mapigano ya mto Trebbia mwezi Juni, Dąbrowski alijeruhiwa na vikosi vyake vilipoteza watu wengi mno. Yasimuliwa kwamba katika vita vya mwaka huo risasi ilimpiga kifuani ikazuiwa na kitabu alichokuwa nacho mfukoni, nacho kilikuwa historia ya Vita vya Miaka Thelathini iliyoandikwa na Friedrich Schiller. Watoto watakipenda kisa hicho. Mwalimu awaambie tu kwamba ni masimulizi.

Kisa cha Mantua hakihitaji tahadhari hiyo. Kikosi cha pili cha Wapoland kilikuwa kikilinda ngome ya mji huo pamoja na Wafaransa. Mwezi Julai 1799 kamanda Mfaransa alisalimu amri. Katika masharti aliyokubali mlikuwa na kifungu cha kuwakabidhi kwa Waaustria wale wote waliotoroka jeshi lao, na hao walikuwa hasa Wapoland. Wakati kikosi kikitoka ngomeni, askari walivutwa mmoja mmoja kutoka katika mistari yao na kurudishwa chini ya fimbo waliyoikimbia.

Dąbrowski aliunda upya vikosi. Mwaka 1801 Ufaransa na Austria zilipatana tena, huko Lunéville, na mara hii pia Poland haikutajwa. Wapo maafisa waliojiuzulu kwa uchungu. Kwa serikali ya Ufaransa sasa Wapoland hawa walikuwa mzigo: maelfu ya askari hodari, wenye silaha, wasio na vita, na wenye kinyongo. Serikali ikapata mahali pa kuwapeleka.

Katika kisiwa cha Saint-Domingue, bahari ya Karibi, watumwa wa asili ya Afrika walikuwa wameasi tangu mwaka 1791 na kuivunja minyororo kwa mikono yao. Bonaparte alipeleka jeshi kubwa mwaka 1802 kuirudisha nchi hiyo mkononi mwake, na nyuma ya jeshi hilo ulikuja utumwa. Vikosi viwili vya Wapoland, jumla yao zaidi ya watu 5,000, vilipakiwa melini huko Italia, kimoja mwaka 1802 na cha pili mwanzoni mwa 1803. Wengi hawakuambiwa waziwazi wanakwenda kufanya nini. Pamoja nao alikwenda Jenerali Władysław Jabłonowski, ambaye huaminika kwamba baba yake mzazi alikuwa mtu mweusi. Alikufa huko kwa homa ya manjano mwaka 1802, muda mfupi tu baada ya kuwasili. Homa hiyo iliua wengi kuliko risasi. Katika watu wale 5,000 na zaidi, waliorudi Ulaya ni mia chache.

Hapo ndipo yale maneno ya mabegani yanaporudi. Watu waliofundishwa kwamba watu huru wote ni ndugu waliamriwa kuwaua watu waliotaka kuwa huru. Wengi walitii. Katika mji wa Saint-Marc Wapoland walishirikishwa katika kuwaua askari weusi waliokuwa wamekwisha kunyang'anywa silaha. Wengine walipigana bila moyo, na wako waliotoroka wakaenda upande wa waasi. Haiti ilipojitangaza huru tarehe 1 Januari 1804, wapatao mia chache walikuwa wamebaki kisiwani. Katiba ya mwaka 1805 ya Jean-Jacques Dessalines iliwakataza watu weupe kumiliki ardhi, lakini ikawatoa katika katazo hilo Wapoland na Wajerumani waliopokewa kuwa raia. Na kwa katiba hiyohiyo raia wote wa Haiti, wa rangi yoyote, walipaswa kuitwa weusi. Wajukuu wa Wapoland hao wapo Haiti hadi leo, hasa katika kijiji cha Cazale.

Dąbrowski hakwenda Saint-Domingue. Alibaki Italia akiongoza Wapoland waliosalia katika utumishi wa serikali ya huko. Hakuwa na uwezo wa kuizuia safari hiyo, kwa sababu jeshi lake lilikula mkate wa mwingine, na anayekula mkate wa mwingine hachagui njia. Hata hivyo hatuoni kwamba hilo linamwondolea lawama yote. Ni yeye aliyekuwa amewaambia vijana wale kwamba njia ya kwao inapita katika bendera ya Ufaransa, na waliamini kwa sababu aliyesema ni yeye. Twashauri swali hili lisifichwe hata kwa watoto wa darasa la sita au la saba: je, yafaa kupigania uhuru wako kwa kumtumikia mtu anayemnyima mwingine uhuru? Mwalimu asiwape jibu. Awagawe katika vikundi, wajadiliane, kila kundi lilete hoja zake. Tumeona mjadala wa namna hii ukiwafungua vinywa watoto ambao kipindi kizima cha tarehe kiliwalaza.

Miaka iliyofuata ina vita vingi, nasi tutaipitia haraka. Mwaka 1806 Napoleon, sasa akiwa mfalme mkuu wa Wafaransa, aliivunja Prusia, akawaita Dąbrowski na Wybicki. Walitoa wito kwa wananchi wao kutoka Berlin, na mwanzoni mwa Novemba wakaingia Poznań huku watu wakiwapokea kwa shangwe barabarani. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu Dąbrowski aondoke, na ule wimbo ulikuwa umetangulia kufika. Katika majuma machache alikusanya maelfu ya askari. Mwezi Februari 1807 alijeruhiwa alipokuwa akiushambulia mji wa Tczew. Mwanawe pia alikuwamo katika jeshi hilo. Mwezi Julai amani ya Tilsit ikaleta kitu kilichoitwa Utawala wa Warszawa, nchi ndogo yenye jeshi na sheria zake, lakini isiyothubutu hata kujiita Poland.

Wengi walitazamia kwamba jeshi la nchi hiyo atapewa Dąbrowski. Alipewa Józef Poniatowski, mpwa wa mfalme wa mwisho, mtu wa jina kubwa, hodari na mwenye kupendeza wakubwa wa Warszawa. Dąbrowski, pamoja na Kipolandi chake cha kugugumia na adabu zake za kambini, alibaki kuwa wa pili. Napoleon alimpa shamba kubwa la Winna Góra karibu na Poznań. Alinung'unika, kwa maana alikuwa binadamu, lakini hakuasi wala hakujiuzulu. Mwaka 1809 Waaustria walipovamia, alikusanya askari wapya katika jimbo lake na kupigana chini ya mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 8. Mwaka 1812 alikwenda Urusi akiongoza divisheni moja, akajeruhiwa mwezi Novemba katika kuvuka mto Berezina, wakati jeshi lile kubwa lilipokuwa likirudi vipande vipande katika baridi. Oktoba 1813 alikuwapo Leipzig. Poniatowski alizama mtoni akirudi nyuma, na baada ya muda mfupi ni Dąbrowski aliyewakusanya Wapoland waliobaki.

Napoleon alipoanguka mwaka 1814, Tsar Alexander wa Urusi alikubali kuwapokea Wapoland hao katika jeshi la ufalme mdogo aliouunda chini yake. Dąbrowski alipewa cheo cha jenerali wa wapanda farasi na kiti katika baraza la juu. Wako waliomlaumu kwa kupokea heshima kutoka mkono wa Urusi. Alikuwa na umri wa miaka 60, mwili umejaa majeraha, na hapakuwa na mfalme mwingine wa kumwendea. Wote alikuwa amekwisha kuwajaribu. Mwaka 1816 alistaafu akaenda Winna Góra.

Huko alifanya kazi ambayo makamanda wengi huiacha: aliketi kuandika. Aliandika habari za Lejioni za Italia, kwa kuwa aliona kwamba wale waliofia huko na kule hawatakuwa na kaburi jingine ila maandishi. Vitabu vyake, ramani, silaha na nyaraka alizokusanya maisha yake yote aliziwekea wasia ziende kwa Chama cha Marafiki wa Elimu cha Warszawa. Alifariki tarehe 6 Juni 1818, akazikwa katika kanisa la Winna Góra. Mali aliyoiachia Warszawa ilipokewa, ikawekwa mahali ambapo wasomaji waliweza kuiona. Wapoland waliasi tena mwaka 1830, wakashindwa mwaka uliofuata; na mwaka 1832 serikali ya Urusi ilikifunga chama hicho, ikayafunga makusanyo yake katika masanduku na kuyapeleka St. Petersburg.